Chozi wa Mkomamanga wa Junda

Shikamoo Mama,

Huku Junda Shangazi, wifi yako, hataki hata kumwona kunguru. Hawa walioingia kutoka Bara Hindi wamemaliza ndege wetu. Hula mayai na makinda. Amebaki chozi mmoja, yule mdogo anayefyonza maua, akilea makinda wawili kwenye mkomamanga wa barazani. Siku ya kwanza kunguru alipotua karibu, nilimrushia hamri, andazi langu la chai, nimfukuze. Akalidaka, akaita wenziwe!

"Sasa ndio umewaandalia chai?" Shangazi akaniuliza.

Basi siku nne tumelinda kwa zamu, fagio mkononi, chai ikipoa mezani. Leo asubuhi makinda wote wawili wameruka. Shangazi akaketi, akanywa kikombe kizima kingali moto.

Nawe Mama, chako usikiache kipoe.

Mwanao, Neema