Kinywa Ulichomfungulia Bhoke

Bibi,

Hili sijawahi kumwambia mtu: hukuwa unanifungulia mimi kinywa. Ulikuwa unamfungulia Bhoke.

Asubuhi zile hapa Kisaka bado naziona kama ndoto. Jua linapanda ukutani taratibu, ng'ombe wanatoka zizini, na wewe kwenye kigoda unaniangalia kwa macho ya msichana. Shuleni ugonjwa wako wa kusahau una jina refu la Kiingereza. Nyumbani ilikuwa safari tu, unaondoka, tunakusubiri. Siku ya kwanza nilipokuja na mswaki ulinicheka. "Bhoke, wee, ngoma imeshaanza na meno yako bado machafu." Nikaitika. Mimi, ambaye hata darasani naitika kwa kunong'ona. Nikajisugua kwanza, ukanifuata, halafu ukaachama nikukague, kama mlivyokuwa mkikaguana mtoni, wewe na Bhoke, mdogo wako, kabla ya kwenda kucheza. Nikapitisha kitambaa cha maji ya chumvi kwenye fizi, polepole. Ndipo nikaliona jino lililooza. Kumbe ndilo lililokufanya uukatae ugali. Walipoling'oa hospitalini Mugumu, ulikula.

Mama naye alijaribu mswaki. Ukamng'ata kidole. "Toka, mwizi wa ng'ombe wewe." Tulicheka wote, naye akacheka, ila alikaa jikoni muda mrefu.

Tangu tukuzike, wageni wananishika kichwa: huyu ndiye aliyependwa na bibi. Siwasahihishi. Inanoga, Bibi, sikudanganyi. Mama anawamiminia chai. Jana nilimsikia akimwambia shangazi, "Mama mkwe amekufa ananiona adui. Sijui hata nilimkosea nini."

Hakukukosea kitu. Bhoke alikufa kabla baba hajazaliwa, na mimi niliitikia jina lake. Mama alikuja kwako kama Mama tu, na huko utotoni ulikokuwa, Mama alikuwa bado hajazaliwa. Ungemjuaje?

Nikisema hivi sitakuwa tena yule aliyependwa kuliko wote. Nitakuwa mjukuu. Basi.

Nasikia ndala za Mama uani. Siku zote karatasi hizi nazisukuma chini ya godoro. Pumzika, Bibi, msalimie mdogo wako. Nakuahidi Mama hatajiuliza tena peke yake.

Ameshika mlango. Nimeigeuza karatasi upande wake, aisome.