Redio Imekalia Kiti Chako

Baba Nyamweya,

Tangu tukuzike hapo kando ya migomba hujanijia hata ndotoni. Umekuwa mgeni wa nani huko? Waume wa wajane wenzangu wanawatembelea. Wewe umelala tu, kama siku ya mvua.

Kuandika sijui, unajua. Kalamu ameshika mjukuu wako Kerubo, na yeye ndiye ninayemsema. Andika, mama, usiruke neno.

Redio yako imemfunga. Ameiweka juu ya kile kiti chako cha miguu mitatu, na kila jioni anaketi mbele yake akingoja kipindi cha salamu. Alituma kadi Nairobi ili jina lake lisomwe. Wakisomwa wasichana wa Ikonge na Ekerenyo, uso unamwanguka. Kipindi kikiisha bila yeye, hali chakula. Mboga yake ya chinsaga inapoa kwenye sahani. "Magokoro," ananiambia mimi bibi yake, "watu wote wanajulikana isipokuwa mimi." Msichana mzima, kama kuku aliyefunikwa kikapu! Na mimi nimefunikwa naye, maana naogopa kutoka nimwache peke yake.

Nikaona jambo. Siku ya Sabato, kwa ile sheria yako ya kuzima redio jua la Ijumaa likizama, Kerubo anakula. Anaimba akichota maji. Basi nimemwongezea Sabato nyingine: mawe ya redio, zile betri zake, yanalala kwenye fundo la leso yangu, nayatoa Jumatano na Jumapili tu. Alilia, akaniita mkatili. Nikamwambia, "Nichukie, lakini kula."

Sasa anakula. Lakini sikio bado linangoja, mzee. Jana tukichuma chai nikamuuliza, unangoja nini hasa? Akasema, "Babu alikuwa ananiita."

Kumbe. Ulikuwa ukitoka kuuza chai unapaaza sauti langoni, "Kerubo wa Makori! Nani amekalia kiti changu?" Naye anaruka kutoka kitini, anakuja mbio akicheka. Tangu uende hakuna anayemwita hivyo. Mimi nimejaribu. Sauti yangu... haifiki.

Kerubo ameacha kuandika. Lia, mama, halafu umalizie.

Lala vizuri, mume wangu. Sitamwacha, nakuahidi, hata akininunia mpaka nizeeke mara ya pili. Redio nimeishusha chini, kiti kiko wazi. Ukija ndotoni, usije kwangu, nenda kwake. Simama pale langoni, umwite jina lake lote, kwa sauti, uulize nani amekalia kiti chako.