Kisima cha Bondeni na Mishale ya Mwanaisha

Alhamisi, Machi 1998, baada ya magharibi

Na wamenisoma, wallahi! Wanafunzi wa vyuo vya mbali, waandikianao kwa kompyuta, wote wamjua Mjomba wa Mombasa.

Mwanaisha, binti wa dada yangu, ndiye anayewachunguza. Ataka kujua vipi watu wasioonana hujadiliana mpaka wakapata elimu. Mwezi jana nilimwambia awapigie chapa habari yangu: kisima cha Bondeni hujaa bahari ikijaa, nami nilizama humo nikaibukia Likoni, ng'ambo ya kivuko.

Leo amenitandazia karatasi zao, amechora mishale kutoka barua hadi barua. Mmoja alinicheka. Mwengine akauliza, je, maji yake ni ya chumvi? Wa tatu akamuuliza nyanyake. Habari ya Likoni wameitupa, ya maji kupanda wameishika.

"Mjomba, hata uongo wako umeota mizizi," akasema, mbavu hana kwa kicheko. "Lakini kuna mmoja auliza kama wewe mwenyewe uliyapima hayo maji. Nimjibu nini? Kazi naipeleka kwa mwalimu Jumatatu."

"Mwambie asubiri."

Kile kisima sijapata hata kukichungulia. Nilisikia barazani tu. Na kama hayapandi? Mtoto wa watu ataaibika kwa ajili yangu.

Nikifumba macho naiona ile mishale yaelea polepole kama samaki, yote yanielekea mimi.

Kesho maji yakitoka, na tena yakijaa, nitakwenda na kamba yenye mafundo ya kupimia kina. Nitaiteremsha kama mtu aliyezoea, watu wa Bondeni wasijue kuwa ndiyo mara yangu ya kwanza.