Maharage Yangu Yamehamia Ndege Nyingine

Shikamoo Mama Hedwiga, naomba unishike mkono kwa maana nimejifunga mwenyewe. Mimi ni mkulima wa Akheri, nalima maharage machanga ya kwenda Ulaya, na miaka yote pale uwanja wa ndege wa KIA ilikuwepo kampuni moja tu ya kubeba mizigo yetu, nafasi ikikosekana mzigo unaoza huku unautazama, lakini mimi hata boksi moja halikuniozea kwa sababu ya Philemoni, karani wao wa mizigo, Mchaga wa Machame, mtu wa Mungu kweli, alikuwa akinishikia nafasi bila kudai hata soda, na wanangu wamesoma kwa sababu yake, hadi nikamfanya baba wa ubatizo wa kitindamimba wangu Anjela. Sasa soko huria limeleta kampuni ya pili, nauli ya mzigo imeshuka karibu nusu, nami nikahamia kule kimyakimya, maboksi nikayaandika jina la wifi yangu Agnela ili Philemoni asijue. Mama, Jumamosi kaja kwangu na mbegu na dawa ya kunyunyizia, ananiambia, "Pole sana Mama Anjela, sioni mzigo wako, nikajua shamba limeingiwa na ugonjwa." Akaliombea shamba, nikaitikia amina, na mbegu nikapokea. Je, nirudi kwenye nauli kubwa?

Mama Anjela, Akheri

Marahaba, Mama Anjela. Nimecheka, kisha nimekasirika. Umeitikia amina kwa ugonjwa usiokuwepo!

Kuhama ndege si dhambi. Zamani hukuwa na pa kuchagua, leo unapo, na majirani waliokuwa wakiogopa nauli nao sasa wanasafirisha. Tushukuru. Kosa lako ni lile jina la Agnela. Ulikuwa na deni la neno moja tu, asante, ukaona aibu kulisema.

Chuma jani la isale hapo mpakani mwa shamba. Mmachame akipelekewa isale la kuombwa radhi, halikatai. Nenda nyumbani kwake, si ofisini mbele ya wakubwa wake. Mwambie shamba ni zima. Mtajie na nauli ya wale wapya, awapelekee mabosi wake; wakishusha, mrudishie nusu ya mzigo. Wasiposhusha, baki ulipo, na yeye ataelewa.

Mbegu usizirudishe, utamuumiza mara mbili. Zipande wiki hii. Zikizaa, boksi la kwanza lisipande ndege ya mtu yeyote. Lipeleke mezani kwa Philemoni, na safari hii uliandike jina lako.