Shukrani Zilizomponza Mwalimu Shamsa

Bilele,
Bukoba.
14 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu Ephrasia,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mtwara ukiwa mzima, wewe na mumeo Datius, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa Krismasi limepata nafuu. Mimi namshukuru Mungu. Kifua kinanibana msimu huu wa mvua, lakini bado natembea mwenyewe hadi kanisani. Uniwie radhi kwamba umepiga simu mara tatu nisipokee. Haikuwa dharau, bali aibu.

Huko Izigo kibanja kiko salama. Kaka yako Byabato ameng'oa migomba iliyoshikwa na mnyauko, na kahawa imechanua vizuri.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima utulivu.

Unakumbuka kwamba mjukuu wangu Anatolia anasoma darasa la tatu hapa mjini. Ukuta wa darasa lao una ufa tangu lile tetemeko la mwaka 2016, na mvua zinazidi kuupanua. Kwa hiyo wazazi na walezi tulianza kukutana kila Jumamosi kwenye kibanda cha Salma, muuza ndizi, Waislamu na Wakristo pamoja. Mimi na Muhidini, fundi mwashi, tulitumwa kwenda kuutazama ufa huo. Tulibisha hodi baada ya masomo. Mwalimu Shamsa, anayelifundisha darasa hilo, alitufungulia bila kutudai kibali, akasogeza madawati, na Muhidini akaingiza mkono ndani ya ufa hadi kwenye kifundo.

Wenzangu wakanichagua niandike barua kwa wakubwa wa elimu, kwa kuwa niliwahi kuwa karani wa misheni. Nilipowasomea, Salma alicheka hadi akaegemea mikungu yake.

"Waitu, Ta Gamaliel, mzee wetu! Sisi tunadai ukuta, wewe unaandika kama mtu anayeposa!"

Wote walicheka, kisha wakatia sahihi kwenye karatasi ya peke yake, watu sitini na watatu.

Kosa nililifanya nyumbani, peke yangu. Nilipokuwa nikiinakili barua kwa hati safi, niliona haina shukrani. Misheni tulifundishwa kwamba barua isiyoshukuru haina adabu. Basi nikaongeza mistari miwili ya kumshukuru Mwalimu Shamsa, kwa jina lake, kwa kutufungulia darasa. Sikumwonesha mtu. Niliona ni jambo jema tu, nikaipeleka.

Jumanne Mwalimu alipewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba kwa nini aliingiza watu wa nje darasani bila ruhusa. Inasemekana atahamishiwa Kishanda, mbali na nyumbani kwao. Mama yake amepooza, na hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani. Kuhusu ukuta, hatujajibiwa neno lolote.

Muhidini aliniuliza mbele ya wote, "Ulimtaja?"

"Nilimshukuru," nikajibu.

"Basi ndiko kumtaja huko, mzee wangu."

Siku hiyo hata Salma hakucheka.

Jana nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza habari za kifua. Kisha akasema taratibu, "Sikukuonya usinitaje, babu. Sikudhani kuna haja." Afadhali angenigombeza.

Wapo wanaonishauri niandike kwamba nilikosea jina, na kwamba hatukuonana naye kabisa. Siwezi, Ephrasia. Mbali na kuwa ni uongo, ungemfanya yeye aonekane mwongo, kwa maana amekwisha kukiri kwamba alifungua mlango. Nimeamua kwenda mwenyewe ofisini Jumatatu. Nitaeleza kwamba ni mimi niliyebisha, na kwamba hakuna mwalimu mwenye malezi mema awezaye kumwacha mzee nje ya mlango. Wazazi waliahidi kufuatana nami, lakini kila siku mmoja anapungua: huyu ana mgonjwa, yule ana zamu kazini. Siwalaumu. Wameona lililompata aliyeandikwa. Huenda nikasimama pale na Salma na Muhidini tu, na sijui kama tutasikilizwa au tutaambiwa tumezidisha kosa.

Najua ulifanya kazi idara ya elimu miaka mingi, na baadhi ya wakubwa ni marafiki zako. Ukisoma haya, moyo wako mwema utakutuma ushike simu. Nakusihi, mwanangu, usimtaje Mwalimu Shamsa kwa mtu yeyote, hata kwa kumsifu. Uniombee tu nipate pumzi ya kusema yote niliyotumwa na dhamiri yangu kuyasema.

Nisalimie Datius, na binti yenu Benigna umwambie babu yake anamkumbuka. Anatolia na Byabato wanawasalimu. Bwana awalinde mtokapo na muingiapo, na nyumba yenu isikose amani.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Mjomba wako,
Gamaliel Kahigi