Dume Liko Kwako

Kaka,

Sisi hatujambo, ila macho ya Mama, nitayafikia. Banda la mimea nimelizibia paa. Mama bado anaitania ile mimea ya Baba, yenye majani kama mitungi, inayokula wadudu: "Hawa wageni wenu hawashibi nzi?"

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kwamba mmea wangu, ule wenye mdomo wa mistari, umechanua kwa mara ya kwanza. Nimeutazama kwa kioo cha kukuzia, nao ni jike. Wifi ameniambia kwenye simu kwamba wako mnene umechanua pia, na ukiutikisa unamwaga vumbi la njano. Basi huo ni dume. Siku ile ya ugomvi baada ya mazishi yake Baba tuligawana hii miwili, mmoja mmoja, tukajiona tumetenda haki. Kumbe tulitenganisha mke na mume, na Baba alikuwa akisubiri wachanue pamoja apate chotara.

Maua yangu yatapokea chavua kwa wiki moja hivi. Macho ya Mama nayo yanafifia, na daktari haahidi kitu. Jana aliniambia, "Mwite yule mkaidi wangu nimwone sura, sauti nitaisikia hata baadaye."

Wakuzaji wenzangu hufunga chavua kwenye karatasi wakaituma kwa posta, na hufika salama. Najua. Wewe ilete mwenyewe.

Mdogo wako,
mwenye jike