Mwanzilishi wa Mradi wa Alizeti, Matogoro

Shangazi yangu Otilia,

Sikupi shikamoo. Si kwamba nimesahau adabu uliyonifundisha kwa mwiko wa ugali, ila kila nikiifikisha mdomoni naona inanuka. Huwezi kumtendea mtu kama nilivyokutendea, halafu ukamwamkia kwa heshima na kumuuliza habari za mvua. Nianze tu. Barua hii nimeiacha wazi ili yeyote wa Matogoro anayejua kusoma awasomee wasiojua, na awasomee kama ilivyoandikwa.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa? Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kupunguzwa kazi. Ukarani wangu wa ushirika uliota mbawa, nikarudi kwako na sanduku moja na kalamu mbili, mwanamume mzima, nikakalia kigoda chako na kulaumu dunia kutwa. Malori yalikuwa yanapanda vijijini kuzoa alizeti, kisha mafuta yake yanaturudia kwenye chupa. Wewe ulikuwa unaanika mbegu kwenye mkeka. Ukasema bila kuinua kichwa, "Hawa wanatuchukulia ng'ombe halafu wanatuuzia maziwa. Tukamue wenyewe." Mimi msomi nikacheka.

Ulikuwa umeshawaza kila kitu. Ulijua mbegu lazima ipigwe jua ipate joto kabla ya kukamuliwa, la sivyo mafuta yanagoma kutoka. Ulijua mashudu yanayobaki baada ya kukamua yatakwenda kwa nguruwe. Uliwajua kina mama wote wanaolima alizeti, yupi mvivu, na yupi ana mume atakayeunywa mtaji. Ulipita nyumba hata nyumba ukiwashawishi, mpaka viatu vyako vya mpira vikapasuka. Mimi nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri.

Likapatikana shirika la kutusaidia mashine ya kukamulia ya mkono, likamtuma mtaalamu. Alikuja na shati jeupe na kalamu za rangi, akabandika makaratasi makubwa ukutani mwa ukumbi wa kigango cha kanisa letu. "Bila hati ya mradi hakuna mradi," alisema. Hati iseme mradi unataka nini, unaishia wapi, nani ana kauli, na nini kinaweza kuuharibu. Kusema haki, hayo yalikuwa maneno ya maana, na wewe ndiye uliyeyaelewa kabla ya sisi wote. Alipouliza nini kinaweza kuuharibu mradi, watu wakataja ukame, panya, wezi. Ukasimama.

"Tajiri wa mjini," ukasema. "Atakuja aichukue mashine, sisi tubaki kumpelekea mbegu. Andika hapo kwamba haihami Matogoro mpaka mwanzilishi wa mradi akubali."

Mtaalamu alipiga makofi. Mimi nikaandika.

Kesho yake nilimpelekea rasimu. Ukurasa wa kwanza ulisema, mwanzilishi wa mradi: Otilia, na pembeni nimeacha nafasi ya dole gumba lako. Akaitazama, akakunja pua kidogo. "Dole gumba ukurasa wa kwanza? Haya, amueni wenyewe." Hakusema zaidi ya hapo. Nataka ulijue hilo, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha mtu. Nilichukua karatasi safi, nikaandika jina langu mahali pa lako, na kalamu haikusita. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimesifiwa mwandiko tangu shule ya msingi. Nililitazama lile jina nikaona linapendeza. Hapo ndipo panaponitia kinyaa kuliko pengine pote, Shangazi. Sikuona aibu. Niliona raha.

Jumapili baada ya misa hati ikasomwa mbele ya watu. Ulikuwa umewapikia wote, ukajifunga kitenge kipya, ukakaa mstari wa mbele na mikono magotini. Nilipofika penye mstari ule niliyaona macho yako, na ulimi ukaniponyoka ukasoma kisichokuwepo: "Mwanzilishi wa mradi, Otilia." Kina mama wakapiga vigelegele. Uliinuka ukacheza hatua mbili tatu, ukaniambia, "Rudia hapo, mwana wa kaka yangu!" Nikarudia. Mzee Kastori, mwenyekiti wetu, akasaini nilipomwekea kidole, maana miwani aliisahau nyumbani na mimi aliniamini. Ukaomba nakala moja uitunze sandukuni kwako. Nikakupa.

Mashine ilikuja na ikafanya kazi misimu miwili. Siwezi kusema ilikuwa mibaya. Nakuona bado ukining'inia kwenye mpini wake na wenzako, mnacheka, mafuta yanachuruzika, nguruwe wa jirani wanapiga kelele kwa harufu ya mashudu. Mlikuwa mnaniita karani na kuniwekea chupa yangu pembeni. Nikawa naipokea.

Kisha tajiri akaja, kama ulivyosema. Alitaka kuikodi mashine aipeleke dukani kwake karibu na stendi ya Songea. Mimi alinivuta kando akaniahidi kiti cha usimamizi, chini ya feni. Feni, Shangazi! Mji wenyewe huu wa baridi, watu wanavaa masweta, na mimi nikauza utu wangu kwa feni. Nikianza kucheka huishia kutema mate.

Mkutano ukaitishwa ukumbini palepale. Ulisimama ukaitoa nakala yako, uliyoifunga kwenye kipande cha kanga.

"Mashine haiendi popote," ukasema. "Mwanzilishi ni mimi, na imeandikwa. Mzee Kastori, leo miwani unayo. Wasomee."

Akasoma kimya kwanza. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Otilia, hapa pana jina la karani."

Ukumbi ukaguna. Mama mmoja akapaza sauti, "Mbona siku ile alisoma Otilia? Si sote tulisikia?"

Nikaangalia viatu vyangu. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wanasema, na mimi nilikuwa nimelala kwako na kula kwako asubuhi ileile. Nilingoja unirukie. Badala yake nikasikia sauti yako, imetulia kabisa.

"Nilimwomba mimi anitoe. Niliogopa mambo ya ofisi na makaratasi. Mtoto hana kosa."

Wewe uliyekuwa ukinichapa kwa uongo wa kijiko cha sukari! Ulidanganya mbele ya kigango kizima, hukupepesa jicho. Mzee Kastori akanigeukia. "Basi kauli ni yako, karani. Mashine ikae au iende?"

Ukanitazama. Hukuwa na hasira hata kidogo. Nilielewa, Shangazi, usidhani sikuelewa. Ulijichafua wewe ili mimi nibaki na heshima ya kulisema neno moja tu, ikae. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikakohoa.

"Iende," nikasema.

Nilikaa chini ya feni ile miaka mingi. Kina mama walileta mbegu zao kwenye magunia, na mimi ndiye niliyezipima, kwa mizani ya tajiri. Wengine walinisalimia, wengine walitazama pembeni. Wewe hukukanyaga pale mpaka unakufa. Ulirudi kwenye kinu na mchi, ukawa unatwanga alizeti yako, unaichemsha, na kuyaengua mafuta juu ya maji kama zamani. Nikija kukutembelea ulikuwa unasema, "Kaa, mboga za likolo ziko jikoni, subiri ugali uive." Nilikuwa nakula. Fikiria, nilikuwa nakula na kushiba.

Mwezi huu vijana wa kikundi fulani cha hapa Matogoro wamekuja kwangu. Wanataka kuanzisha biashara ya asali, wanaomba niwafundishe kuandika hati ya mradi. Mmoja akasimama kwa heshima zote akaniita Mzee Mwanzilishi. Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba. Mke wangu akadhani ni malaria, akaenda kunitafutia dawa. Sikuwafundisha kitu. Nimewaahidi barua hii, waisome ukumbini, wajue ile hati nzuri wanayoisifu iliandikwaje. Sidhani kama hilo linasafisha chochote. Najichukia vilevile kama jana, na naona ndivyo inavyostahili.

Limebaki jambo moja ambalo hata mke wangu sijamwambia. Siku ya mkutano tulirudi nyumbani wawili, wewe mbele mimi nyuma. Nilisubiri matusi njia nzima. Tulipofika kwenye kamteremko ukachuchumaa, ukaokota kijiti, ukaanza kuchora mavumbini, polepole, ulimi umeuuma kwa bidii. Nikainama kutazama. Yalikuwa maandishi, yamepinda lakini kamili. Lilikuwa jina langu.

"Siku ile ulinipa nakala nikakuomba unionyeshe jina langu lilipo," ukasema. "Ukaniwekea kidole kwenye hili. Nikawa nafanya mazoezi kwenye majivu jikoni, misimu yote miwili. Nilitaka siku moja nisaini, niachane na dole gumba." Ukaligusa lile jina kwa ncha ya kijiti. "Basi hili ni lako?"

"Ni langu, Shangazi."

Ulinyoosha mgongo, ukakung'uta kitenge. Ukazunguka pembeni ili usilikanyage, ukaendelea na njia.

Lala salama, Shangazi. Jina sitaliweka hapa chini, wewe uliliandika vya kutosha.

Ni mimi,
mwana wa kaka yako.